Ishara au Mwili wenyewe? Kuhusu Wakatoliki wa Marekani na imani yao katika Ekaristi

Jumamosi moja, baada ya sala ya jumuiya, mzee mmoja alinivuta pembeni, simu mkononi. "Mwalimu, hebu nisomee hii." Ulikuwa ujumbe wa kuzungushwa kundi hadi kundi, umeandikwa kwa herufi kubwa: Wakatoliki saba kati ya kumi hawaamini tena kwamba Ekaristi ni Mwili wa Kristo. Haukusema ni Wakatoliki wa wapi, nani aliwauliza, wala waliulizwa nini. Mzee alikuwa ameumia kweli. "Wenzetu wamepatwa na nini?" aliniuliza.

Nilimjibu juujuu, na jibu lile halikuniridhisha hata mimi. Tangu siku hiyo nimeulizwa swali hilohilo na wazazi wa watoto ninaowafundisha, na kijana mmoja wa kwaya, na jirani ambaye si Mkatoliki. Kwa hiyo leo nalieleza kwa kituo.

Namba yenyewe si ya kubuni. Inatoka Marekani, kwenye utafiti wa Pew Research Center, taasisi ya kule inayopima maoni ya watu, uliotangazwa Agosti 2019. Asilimia 31 ya Wakatoliki waliohojiwa walisema mkate na divai katika Misa vinakuwa kweli Mwili na Damu ya Yesu. Asilimia 69 walisema ni ishara. Maaskofu wa kule walishtuka, na walikuwa na haki ya kushtuka. Lakini kabla ya kuifungua namba hiyo tuelewane kwanza kuhusu maneno, maana vurugu nyingi zimeanzia hapo.

Ekaristi ni neno lenye asili ya Kigiriki, maana yake shukrani. Wakatoliki wanalitumia kwa adhimisho la Misa na pia kwa kile kinachopokelewa humo. Komunyo ni kule kukipokea. Hostia ni kile kimkate chembamba cha ngano, kisichotiwa chachu. Kabla ya Misa hostia ni mkate tu: inakaa kwenye kopo sakristia, na ikianguka unaiokota ukaendelea na kazi. Halafu padre anachukua mkate altareni na kutamka maneno ya Kristo, "huu ndio mwili wangu", na hapo Kanisa linasema yametokea mageuzo. Kinachoonekana bado ni cha ngano, kina harufu ya ngano na ladha ya ngano, lakini kilichopo ni Kristo mwenyewe.

Inawezekanaje kitu kibaki kinaonekana vilevile na kiwe kimebadilika? Chukua picha yako ya darasa la kwanza. Mashavu yale huna tena, meno yale yaling'oka, sauti ile imeondoka pamoja na kimo chake. Karibu kila kitu ambacho jicho linakiona pale kimebadilika. Lakini mwanao akiuliza "Huyu nani?" unajibu bila kufikiri: "Ni mimi." Basi kuna vile unavyoonekana, na kuna wewe uliye. Vya kuonekana vimepita, wewe umebaki. Sasa igeuze hiyo picha. Katika mageuzo vya kuonekana vinabaki vyote, na kile kilichopo ndicho kinachobadilika. Wanateolojia huita vya kuonekana maumbo, na kile kilichopo hukiita dhati. Mfano huu haufiki mbali sana, hakuna mfano unaofika, lakini unatosha kukuonyesha kwamba kuonekana na kuwa si kitu kimoja hata katika maisha yetu ya kila siku.

Kwa hiyo wanaodai kwamba hostia ikipelekwa maabara itakutwa na wanga wa ngano, hawajapinga chochote. Kanisa halijawahi kufundisha kwamba hadubini itaona nyama. Mtakatifu Thoma wa Akwino, mwanateolojia mkubwa wa Kanisa, alilieleza hilo karne ya 13: macho, pua na ulimi huishia kwenye maumbo. Nasikitika ninapomwona Mkatoliki anajibishana kwa jasho juu ya jambo ambalo Kanisa lake halikulidai.

Neno lenye mtego mkubwa zaidi ni "ishara". Masikioni mwetu ishara ni kitu kinachosimama badala ya kingine kisichokuwepo. Picha ya mama ukutani ni ishara ya mama aliye kijijini. Lakini mtazame mama anayemnyonyesha mtoto. Kunyonyesha ni ishara ya upendo? Ndiyo, hakuna asiyeiona. Ni ishara tu? Hapana, kwa sababu mtoto anashiba. Kanisa linapoita sakramenti ishara linamaanisha ishara ya namna hiyo, inayotoa kile inachokionyesha. Mtakatifu Agostino, askofu wa Kanisa la kale, alitumia neno ishara kuhusu sakramenti bila wasiwasi wowote.

Sasa turudi kwenye utafiti. Watu waliwekewa njia mbili: vinakuwa kweli Mwili na Damu, au ni ishara za Mwili na Damu. Mkatoliki aliyefundishwa tangu utotoni kwamba sakramenti ni ishara iliyo wazi ya neema isiyoonekana, anaweza kuchagua njia ya pili huku moyoni anaamini ya kwanza. Mwaka 2022 kituo cha utafiti cha Chuo Kikuu cha Georgetown, kinachojulikana kwa kifupi kama CARA, kiliuliza kwa maneno tofauti na kuwaacha watu wajieleze kidogo. Walioonekana kuamini kwamba Kristo yumo kweli walifika asilimia 64. Kati ya 31 na 64 kuna shimo kubwa, na watu wale hawakuongoka wote katika miaka mitatu. Huyu amepima kwa debe na yule kwa kisado.

Hata hivyo nisiwape faraja ya haraka. Utafiti wa Pew una namba nyingine ambayo ujumbe wa kwenye simu haukuitaja, na ndiyo iliyoninyima usingizi. Asilimia 43 ya Wakatoliki wote waliohojiwa walisema ni ishara na wakaamini kwamba hivyo ndivyo Kanisa linavyofundisha. Waliojua mafundisho ya Kanisa na kuyakataa walikuwa asilimia 22. Zitazame hizo namba mbili kwa utulivu. Kundi kubwa zaidi halikuasi. Watu hao wanajiona wako sawasawa na Kanisa lao, wanasema "Amina" mbele ya padre, na hakuna aliyewahi kukaa nao chini akawaeleza wanaitikia nini. Utafiti wa CARA nao ulikuta karibu nusu hawakujua Kanisa linafundisha nini. Mtu akikataa anachokijua, mnaweza kuzungumza, mkabishana hadi usiku. Huyu mwingine hana hata cha kukataa.

Wamefikaje hapo?

Tuanze na mlango wa kanisa. Kwa hesabu za Gallup, kampuni ya kupima maoni, mwaka 1955 Wakatoliki 75 kati ya 100 huko Marekani walikuwa wamekwenda Misa katika siku saba zilizopita. Kati ya 2014 na 2017 walikuwa wastani wa 39. Weka namba hiyo kando ya hizi: katika utafiti wa Pew, wanaokwenda Misa kila wiki waliamini kwa asilimia 63, mara mbili ya Wakatoliki wote kwa jumla. Kwa kipimo cha CARA wa kila wiki walifika 95, na wale wa mara chache kwa mwaka au chini ya hapo walikuwa 51. Mtu anaweza kuuliza kama wanaamini kwa sababu wanakwenda, au wanakwenda kwa sababu wanaamini. Nadhani kimoja kinamvuta mwenzake. Anayeacha kwenda kwa uvivu tu, baada ya miaka michache hana tena sababu ya kurudi.

Jambo la pili linagusa mwili zaidi kuliko akili. Kabla ya 1953 aliyetaka kupokea Komunyo alifunga tangu usiku wa manane, maji hayakuruhusiwa. Papa Pio XII alilegeza, na mwaka 1957 mfungo ukawa wa muda wa saa tatu. Mwaka 1964 Papa Paulo VI akaufanya wa saa moja. Hawakufanya hivyo kwa kudharau. Mpango ulianza mapema zaidi, kwa Papa Pio X, aliyehimiza mwaka 1905 watu wapokee mara kwa mara, hata kila siku, na mwaka 1910 akafungua mlango kwa watoto wenye umri wa kama miaka saba. Kanisa lilitaka watu wapokee. Nami nashukuru kwa hilo. Lakini angalia kilichotokea kwa pamoja: kupokea kukawa kwingi, na kujiandaa kukapungua. Foleni ya Komunyo ikarefuka, ya kitubio, yaani kuungama dhambi, ikafupika. Kitu unachokisubiri kwa njaa, kwa kuoga na kuvaa nguo iliyopigwa pasi, mwili unakijua kwamba ni kikubwa hata kabla hujaelezwa.

Hapa nisimulie nilichokiona mwenyewe. Kwenye kigango tunachohudumia, padre anafika mara moja kwa mwezi. Dominika moja wakati wa Komunyo hostia ilimteleza mama mmoja, ikaanguka kwenye sakafu ya saruji. Padre akasimama palepale. Akapiga magoti na kanzu yake nyeupe kwenye vumbi, akaiokota kwa vidole viwili, akaila. Kisha akaomba maji, akaosha kile kipande cha sakafu, kidogo kama kiganja, akakikausha kwa kitambaa cha altareni. Hakusema neno. Kwaya iliacha kuimba bila kuambiwa. Watoto wangu wa mafundisho walikuwa benchi la mbele, na mmoja wao, wa miaka tisa, wiki iliyofuata alinieleza kwa nini padre aliosha sakafu. Alieleza vizuri kuliko nilivyokuwa nimemfundisha kwa miezi sita.

Ndiyo maana naamini kwamba imani hii hupitishwa zaidi kwa mikono na magoti kuliko kwa maneno. Mtoto anayeona kila mtu anapita mbele ya tabernakulo, lile kabati dogo zinamotunzwa hostia zilizogeuzwa, kama anavyopita mbele ya kabati la vyombo, amekwisha kufundishwa. Amefundishwa kwamba ni kabati.

Sababu ya tatu ni majirani. Mkatoliki wa Marekani amekulia katika nchi ambayo Ukristo uliozoeleka barabarani ni wa Kiprotestanti, na hasa ule unaoiona Meza ya Bwana kuwa ukumbusho. Anasikia hivyo shuleni, redioni, kwa wakwe. Nisieleweke vibaya, maana hapa pana uvumi mwingine: kwamba Waprotestanti wote wanasema ni ishara tu. Sivyo. Mwaka 1529 Martin Luther na Ulrich Zwingli, wawili kati ya waanzilishi wa Uprotestanti, walikutana Marburg, Ujerumani, wakashindwa kuelewana juu ya jambo hilihili. Zwingli alishikilia kwamba "huu ndio mwili wangu" maana yake "huu unaashiria". Luther aliyaandika mezani kwa chaki maneno ya Kristo, akakataa kuyaacha. Hakukubali mafundisho ya mageuzo, lakini kwamba Kristo yumo kweli hakulitilia shaka. Ndugu zetu Walutheri wa Tanzania, na ni wengi, ni warithi wa ile chaki.

Ya nne ni chungu. Mwaka 2002 kule Boston yalifichuka mambo ya mapadre waliowanajisi watoto, na ya viongozi waliowaficha mapadre hao. Mwaka 2018 ripoti ya baraza la mashtaka la jimbo la Pennsylvania ikataja mapadre zaidi ya 300 na watoto zaidi ya 1,000. Kanisa lilikwisha kuamua tangu zama za Agostino kwamba sakramenti haitegemei utakatifu wa padre, kwa kuwa atendaye ni Kristo. Ni mafundisho ya kweli, nami nayafundisha. Lakini mzazi aliyesoma ripoti ile anatazama mikono iliyoinua hostia, na moyo wake unakataa kabla akili haijaanza kufikiri. Siwezi kumlaumu huyo mtu. Anayetaka arudi aanze na kumwomba msamaha.

Wapo wanaorahisisha yote haya kwa kusema Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu wa dunia nzima, ndio ulioua imani hii. Nimeisikia hata hapa kwetu. Mtaguso huohuo, mwaka 1964, uliita sadaka ya Ekaristi chemchemi na kilele cha maisha yote ya Kikristo. Na Septemba 1965, kabla mtaguso haujafungwa, Papa Paulo VI alitoa barua nzima kuyatetea mafundisho ya mageuzo. Wakati huo baadhi ya wanateolojia walieleza Ekaristi kwa namna inayofanana na noti: karatasi ni ileile, ila imepewa maana mpya. Papa akasema haitoshi. Noti ina thamani kwa sababu tumekubaliana, na serikali ikiifuta kesho inabaki karatasi. Ekaristi haisimami juu ya makubaliano ya waamini. Waamini wote wakilala usingizi, Kristo yumo.

Kilichotokea baada ya mtaguso ni kingine. Katika parokia nyingi za Marekani kitabu cha zamani cha maswali na majibu kiliwekwa kando, na kilichokuja badala yake kiliongea sana juu ya meza, jumuiya na kushirikiana. Ni mambo mazuri yote, ila lile la msingi mara nyingi likadhaniwa kwamba watu wanalijua tayari. Kizazi kile ndicho kilichozaa wazazi wa leo.

Tusidhani pia kwamba hapo kale wote waliamini bila tabu. Karne ya 11 Berengar wa Tours, mkuu wa shule huko Ufaransa, alilitikisa Kanisa kwa swali hilihili. Mtaguso wa Laterano wa 1215, uliotumia lugha ya mageuzo, ndio huohuo uliolazimika kuwaamuru Wakristo wapokee walau mara moja kwa mwaka wakati wa Pasaka. Huwezi kuwaamuru watu wapokee kama tayari wanapokea. Na ukirudi nyuma hadi sura ya 6 ya Injili ya Yohane, wasikilizaji wa Yesu mwenyewe walisema neno hili ni gumu, wengi wakageuka wakaenda zao. Hakuwakimbilia kuwaambia, "Rudini, nilimaanisha ishara."

Na sisi huku? Wapo wanaosema kwa kujipongeza kwamba Afrika imani ni moto. Ninachokiona benchini ni kigumu zaidi kukisema. Marekani, karibu kila aliye kanisani husimama kwenda kupokea. Kwetu, katika parokia nyingi, kengele ya Komunyo ikilia watu wazima wengi wanabaki wameketi, na wengi wao ni kwa sababu ya ndoa: anayeishi na mwenzi bila ndoa ya Kanisa haruhusiwi kupokea. Wameishi pamoja miaka, mahari haijaisha, au mmoja ana ndoa ya zamani, au ameoa wake wawili. Wanaimba kila wimbo, wanatoa zaka, wanaongoza jumuiya, na ukifika wakati huo wanainamisha vichwa. Kongamano la Ekaristi la Kimataifa lilipofanyika Nairobi Agosti 1985, na Papa Yohane Paulo II akaja Uhuru Park, mada ilikuwa Ekaristi na familia ya Kikristo. Jeraha lilijulikana toka zamani.

Yule mzee wa simu ni mmoja wao. Miaka mingi anakaa benchi la tatu kutoka nyuma, upande wa mlango. Nilipomrudia na majibu haya, akasikiliza hadi mwisho, akafikiri, akaniambia: "Mwalimu, mimi ningekuwa naona ni mkate, ningekwisha kwenda siku nyingi." Kisha akaniuliza padre yupo ofisini siku zipi.

Maaskofu wa Marekani, kwa upande wao, hawakukaa wakalia. Juni 2022, Sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo, walianzisha uamsho wa Ekaristi wa miaka mitatu. Mwaka 2024 waamini walitembea na Sakramenti Takatifu, yaani hostia iliyogeuzwa, kutoka pande nne za nchi, wakavuka madaraja na miji mikubwa, wakakutana Indianapolis mwezi Julai. Uwanja ambao kwa kawaida ni wa kandanda la Kimarekani ulijaa makumi ya maelfu ya watu. Wenye mashaka waliuliza kama fedha nyingi namna hiyo zitabadilisha chochote kwa yule asiyekuja Misa, na swali lao ni la haki, kwa kuwa waliojaa uwanja walikuwa wanaamini tayari. Lakini zile siku za kutembea barabarani nazipenda. Mtu alitoka dukani na mfuko wa mboga, akakuta watu wamepiga magoti kwenye lami.

Kwangu mimi kilichobadilika ni kidogo. Somo la kwanza la Komunyo ya Kwanza sasa silianzii darasani. Nawaingiza watoto kanisani wakati hakuna mtu, nawaonyesha ile taa nyekundu pembeni mwa tabernakulo, nawaambia inawaka kwa sababu kuna aliyemo. Kisha tunajifunza kupiga goti, polepole, hadi goti liguse sakafu. Wengine wanayumba, wanashikana mabega. Kitabu tunakifungua wiki inayofuata.